Mbio za Chapati Siku Moja Kabla ya Majivu

Mama Maurine alituletea habari za mwanamke wa Olney wiki mbili kabla ya Kwaresima, amesimama mbele ya kibanda chetu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, simu mkononi, chai yake ikipoa juu ya meza.

Olney ni mji mdogo wa Uingereza. Binti yake, Maurine mwenyewe, anatunza wazee katika mji wa jirani, na mwaka jana aliwapeleka wazee wake, wengine kwa viti vya magurudumu, wakatazame wanawake wakikimbia barabarani na vikaango. Alikuwa ametuma video. Tuliinamia kile kioo kilichopasuka tukaona wanawake wa Kizungu wamevaa aproni na vitambaa vya kichwa kama akina mama wa kwaya, kila mmoja na kikaango chenye chapati ya maji, wanakimbia kwenye baridi mpaka pua zimeiva.

Bi Muhiba, mwenye kibanda, aliuliza ni nyumba ya nani inayoungua.

Mama Maurine akatueleza. Inasemekana miaka karibu mia sita iliyopita mwanamke mmoja wa mji huo alikuwa jikoni, Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Siku hizo watu walifunga kwelikweli. Mayai, maziwa na siagi havikuliwa mpaka Pasaka, kwa hiyo Jumanne hiyo kila nyumba ilivimaliza kwa kukaanga chapati za maji. Kengele ya kanisa ikalia kuwaita watu waje waungame. Yule mama akashtuka kwamba amechelewa, akatoka mbio vile alivyokuwa, aproni kiunoni, kikaango mkononi, chapati ndani, mpaka mlangoni pa kanisa. Watu wa mji walimcheka, halafu mwaka uliofuata wakakimbia kama yeye, na mpaka leo hawajaacha.

"Hiyo si vunja jungu?" Bi Muhiba akasema. "Kumbe Wazungu wana vunja jungu na wamekaa kimya miaka yote hii."

Bi Muhiba alizaliwa Mombasa akaletwa Nairobi na mumewe, karani wa reli. Kwao, siku za mwisho kabla ya Ramadhani watu hupika na kula na kualikana kwa furaha, kwa sababu kesho ni kufunga. Na mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilikuwa zinaanza wiki moja. Jumanne ile ingekuwa ya kuaga chakula kwa pande zote mbili, na Mama Maurine, ambaye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwake, alikuwa ameshaamua: wanawake wa mtaa wangekimbia na chapati kutoka kibanda chetu mpaka lango la kanisa. Wa dini yoyote, kwa sababu barabara ni ya watu wote.

Mimi nilikuwa nasukuma chapati.

Huwa siongei sana na watu. Si kwamba sina la kusema. Maneno yananijia, lakini yanakuja mtu akishaondoka. Mtu akiniuliza jambo leo asubuhi, jibu zuri kabisa nalipata jioni nikiosha sufuria. Kazi ya chapati inanifaa kwa sababu mikono ndiyo inayojibu. Mteja ananyosha mkono, unampa chapati, unasema "karibu", unageukia mwingine.

Na mmoja wa hao wateja alikuwa Otiende.

Otiende ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, karakana yake iko nyuma ya maduka. Ndiye pia anayepiga kengele ya kanisa, ambayo ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mlingoti. Kila asubuhi alikuja kabla ya kufungua kazi, akanyosha mkono, nami nikamwekea chapati mbili zilizokunjwa ndani ya gazeti. Alikuwa na alama ndogo za moto mikononi, kama madoa ya kanga. Zaidi ya miaka miwili, na hatukuwahi kusema neno zaidi ya "mbili" na "karibu". Bi Muhiba alijua. Aliwahi kunitazama nikikanda nikakunja nikapaka mafuta nikakunja tena, akaniuliza kama hiyo ni chapati ya Otiende au ni godoro lake.

Shida ilikuwa hii. Kila Kwaresima Otiende huacha chapati mpaka Pasaka. Na kila Ramadhani Bi Muhiba hafungui kibanda mchana, tunauza jioni tu, wakati wa futari. Mwaka huu mambo haya mawili yaliangukiana. Jumapili huwa niko kwetu mtaa wa Lucky Summer, katika kanisa la mama yangu, kwa hiyo hata kwenye kengele yake nisingemwona. Nikikosa kusema naye kabla ya Jumatano, basi ni Pasaka. Na Pasaka, Mama Maurine alituambia akikoroga chai bila kujua anamchoma nani, mama yake Otiende alikuwa anamwita nyumbani Ugenya akamwone msichana mmoja, mwalimu wa chekechea, mrefu, mwenye adabu.

Siku hiyo niliunguza chapati tatu.

Zawadi ndiyo iliyonitia katika mbio. Huko Olney, Mama Maurine alisoma kwenye simu, mshindi hubusiwa na mpiga kengele wa kanisa, akiambiwa, "Amani ya Bwana iwe nawe daima." Bi Muhiba akacheka mpaka akashika nguzo. Akina mama wa kanisa walikaa kikao juu ya lile busu, wengine wakisema mila ni mila, wengine wakisema mila za huko zibaki huko, mpaka kasisi akaamua kwamba salamu ya mkono inatosha. Mama Maurine alisikitika sana kwa niaba ya Uingereza.

Kwangu mkono ulitosha kabisa. Si mkono tu. Ni yale maneno. Mtu akikuambia "Amani ya Bwana iwe nawe", jibu lake liko tayari, kila mtu analijua, hata mimi: "Iwe nawe pia." Nilifikiri, nikishinda, Otiende atalazimika kusema nami, na mimi sitahitaji kutafuta la kumjibu. Nikishaanza na hilo, huenda la pili likaja lenyewe.

Nikamwambia Bi Muhiba nataka kukimbia. Aliweka kijiko chini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nikitaka kitu.

"Kimbia, mwanangu," akasema. "Lakini huwezi kukimbia na hilo godoro. Kanda nyepesi."

Basi tukaanza mazoezi alasiri, wateja wakipungua. Kukimbia hakukuwa kazi, nimekulia kwenye mteremko wa Lucky Summer. Kazi ilikuwa kurusha. Sheria ya Olney inasema mkimbiaji airushe chapati hewani na kuidaka kwa kikaango, mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni. Sasa sisi chapati haturushi. Chapati inageuzwa kwa ncha za vidole, haraka, kabla moto haujajua. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona chapati ikiwa hewani. Ya kwanza niliyorusha ilitua juu ya paa la kibanda na haijashuka mpaka leo. Ya pili ilitua juu ya shuka la mtu kwenye kamba. Akina mama wengine nao walikuwa wakifanya mazoezi uani, na wiki ile mbuzi wa mtaa walinenepa.

Aliyerusha vizuri alikuwa Filsan, anayeuza madera duka la pili kutoka kwetu. Yeye alikuja na anjera, ile ya Kisomali, nyembamba, laini, yenye vitobo. Ilipanda hewani, ikageuka taratibu, ikarudi kwenye kikaango kama inaijua njia. Zikatokea kelele kwamba anjera si chapati. Filsan akasema mbio ni za Wazungu na waulizwe Wazungu. Mama Maurine akapiga simu Uingereza, Maurine akatuangalia kutoka kwenye korido ya wazee wake, akaomba aonyeshwe zote mbili, na akatoa hukumu kwamba chapati ya Olney inafanana zaidi na anjera, na kwamba kusema kweli sisi wengine ndio tunaopaswa kuomba ruhusa.

"Umesikia?" Filsan akaniambia, akinigonga bega. "Kumbe mimi ndiye Mwingereza hapa. Mtanitafuta kwa darubini, Jacky."

Nilitabasamu. Jibu zuri lilinijia jioni.

Jumanne ilifika na jua. Bi Muhiba alikuwa amepika pilau tangu alfajiri kwa ajili ya vunja jungu, na harufu yake ilikuwa imewatoa watu kwenye ghorofa zote. Akina mama wa kanisa walileta maandazi na mayai ya kuchemsha, maana nao walikuwa wanamaliza vitu. Tulipanga mstari mbele ya kibanda, aproni viunoni, vitambaa vichwani. Filsan alifunga aproni juu ya hijabu yake. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuja na karai zima la kukaangia samaki kwa sababu ndilo alilokuwa nalo. Mama Maurine alikuwa na filimbi ya refa shingoni, na simu iliyoinuliwa juu ili Maurine na wazee wake waone. Mzee mmoja wa kike, mwenye nywele nyeupe kama pamba, alikuwa anatupungia mkono kutoka huko.

Kule langoni niliona Otiende amesimama karibu na reli yake, nyundo mkononi, shati jeupe. Aligonga. Ile sauti ya chuma ikapita juu ya mabati.

Tukarusha. Yangu ilipanda kidogo, ikageuka nusu, ikaanguka kwenye kikaango ukingoni, nikaitikisa ikakaa. Nikakimbia.

Sikujua kwamba watu wanaweza kupiga kelele namna ile kwa ajili ya chapati. Watu walikuwa kwenye madirisha, kwenye ngazi, juu ya mikokoteni. Yule mama wa karai alikuwa akikimbia anacheka, na kucheka kulimmaliza pumzi, akakaa chini palepale akaila chapati yake. Filsan alikuwa mbele yangu. Halafu kwenye kona ya maduka upepo ukatokea kati ya ghorofa mbili, ukaichukua ile anjera nyepesi, ukaibandika kwenye mlango wa kinyozi. Akalazimika kurudi kuibandua. Nikampita. Godoro langu halikutikisika.

Mbele yangu hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa palepale, kamba ya mwisho imenyoshwa, na kando yake Otiende. Watu walikuwa wamesukumana mpaka wakaziba njia upande mmoja, na yeye akaona nitagongana nao. Akanyosha mkono kunionyesha nipite upande wake.

Akanyosha mkono.

Nikasimama. Nikaichukua chapati kwa ncha za vidole, nikaikunja mara mbili, gazeti sikuwa nalo, nikaifuta na kona ya aproni, nikamwekea mkononi. "Karibu," nikasema. Nikageuka kumtafuta mteja anayefuata.

Otiende naye, kwa mazoea yaleyale, akaimega akala.

Nilitambua nilichofanya nilipomwona Filsan akipita, anarusha anjera yake yenye nywele za kinyozi, anaidaka, anaingia kwenye kamba. Ndipo kelele zikaisha, halafu kikaja kicheko, kikaanzia mbele kikaenda nyuma mpaka kwenye ghorofa. Kwenye simu, wale wazee wa Uingereza walikuwa wakimuuliza Maurine nini kimetokea.

Mama Maurine alikuja anapepesuka kwa kicheko, akakitazama kikaango changu kitupu, akamtazama Otiende ambaye mashavu yalikuwa yamejaa.

"Jacky," akasema. "Chapati iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Umempa kwa nini, na mbio zimebaki hatua chache?"

"Alininyoshea mkono."

"Sasa wewe kila anayekunyoshea mkono unampa chapati?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilingoja maneno yaende zao kama kawaida, yaje kunikuta kwenye sufuria jioni. Hayakwenda.

"Si kila mtu," nikasema.

Nadhani Bi Muhiba ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alipiga vigelegele ambavyo sikujua mwili wake mdogo unavyo, na akina mama wa kanisa wakavipokea bila kuuliza ni vya nini, na Mama Maurine akaweka mkono mdomoni. Niliona anamkumbuka yule mwalimu wa Ugenya.

Otiende alimeza. Lilikuwa tonge kubwa, lilichukua muda.

"Mimi kila asubuhi huwa nakuja nimepanga kitu cha kusema," akasema, polepole, akiitazama ile chapati. "Tangu kule karakana nakuja nikikirudia. Nikifika hapo kwenu nanyosha mkono tu."

"Kitu gani?" Mama Maurine akauliza kwa niaba ya watu wote.

"Kila siku kitu kipya. Jana ilikuwa habari ya mvua."

Watu walicheka tena, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Mshindi alikuwa Filsan, na alikuwa anadai haki yake. Hapo ndipo tukakumbuka kwamba Filsan hapeani mkono na mwanamume asiye wa kwao. Otiende akaweka mkono kifuani akamwambia amani ya Bwana iwe nawe daima, Filsan naye akajibu kwa salamu yake ya amani, na Mama Maurine, aliyekuwa amelilia lile busu kwa wiki mbili, akamshika Filsan mashavu akambusu kwa mlio mkubwa mbele ya simu. Wazee wa Uingereza walipiga makofi. Mwanamke mwenye nywele za pamba alisema kitu, na Maurine akatutafsiria kwamba yeye alikimbia mbio zile ujanani, na hajawahi kuona mtu akishindwa vizuri hivyo.

Tukala pilau. Otiende alikaa upande wangu wa benchi, na tuliongea habari ya mvua.

Kesho yake kibanda hakikufunguliwa. Tulilala na kufagia na kuosha masufuria ya vunja jungu, na jioni Bi Muhiba alinichukua tukapanda juu ya ghorofa yake, kati ya kamba za nguo, kutafuta mwezi. Majirani wengine walikuwa kwenye paa lao, wanaelekeza vidole. Nilimsikia mtu akipanda ngazi, nikadhani ni mtu wa nguo. Alikuwa Otiende, ametoka ibadani, na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Alimwamkia Bi Muhiba shikamoo, akaomba ruhusa ya kukaa. Bi Muhiba akamwambia mwezi ni wa bure.

Alisema amempigia mama yake simu mchana. Alimwambia asimsumbue yule mwalimu. Mama yake aliuliza ni kwa sababu gani, na yeye akasema kuna mtu, na mama yake akauliza mtu huyo anaongeaje, mpole au mkali, na yeye hakujua la kujibu kwa sababu ushahidi alionao ni wa siku moja.

"Na hizi siku arobaini?" nikamuuliza. "Chapati umeacha."

"Nimeacha. Nilishaweka nadhiri tangu Jumapili, sikujua mambo yatakuwa hivi." Alijikuna shingo. "Lakini sijaacha chai. Jioni za futari mnauza chai?"

"Tunauza."

"Basi." Akanigeukia. "Na wewe? Najua kanisani kwenu hamna Kwaresima. Lakini kama ungeacha kitu, ungeacha nini?"

Sikulazimika kungoja sufuria.

"Kunyamaza," nikasema.

Alicheka, na majivu kidogo yakamwangukia puani. Nilimpa kona ya leso yangu ajifute. Ndipo Bi Muhiba akanishika mkono kwa nguvu, akainyosha shingo. Juu ya mtaa wa Umoja, upande ulikozama jua, palikuwa na mwezi, mwembamba kama kucha. Wa paa la jirani nao walikuwa wameuona, wanakumbatiana. Chini uani watu walikuwa wamesimama na watoto begani, wanatuangalia sisi wa juu.

"Waambie," Bi Muhiba akasema. Sauti yake yote ilikuwa imeishia kwenye vigelegele vya jana. "Mimi sina sauti. Waambie, mwanangu."

Nikaenda ukingoni. Chini nyuso zote zilikuwa zimeinuliwa. Nikajaza kifua pumzi, nikashika ukuta, na nikapiga kelele mpaka mbwa wa Tena yote wakanijibu:

"Umeonekana! Mwezi umeonekana!"